Dhahabu Niliyoiyeyusha Kenton

Mukesh aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, nilikuwa mezani nakula wali na samaki. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa pole, nikaweka simu chini, kisha nikamaliza chakula changu. Naandika hili mapema ili asije mtu akangoja machozi. Mukesh alizaliwa London. Kiswahili anakielewa lakini hakisemi, kwa hiyo tuliongea kwa Kiingereza. Alisema mzee angechomwa Alhamisi, kwa desturi yao, na familia ingependa niseme maneno machache, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee ambaye baba yake alimfundisha kazi ya usonara. "Alikuwa akikutaja sana," akasema. Nilimuuliza alikuwa akinitaja vipi. Akasema, unamjua baba, alikuwa na mdomo mkali lakini moyo wake haukuwa mbaya. Nilimjibu kwamba sitakwenda. Nikisimama mbele ya ndugu zake nitasema kweli, na mtu aliyefiwa hastahili kufanyiwa hivyo. Baada ya hapo nilikaa siku mbili sisemi na mtu, nina hasira nisizozitarajia kwa mwanamke wa umri wangu, na siku ya tatu nikaanza kuandika habari za ule mwaka mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimeacha kazi ya kufagia ofisi huko Croydon, kusini mwa London, kwa sababu safari ya treni kwenda na kurudi ilikuwa inanimaliza, na mwanamke mmoja niliyekuwa nakaa naye akaniambia kuna sonara wa Kihindi huko Kenton, kaskazini mwa jiji, anatafuta mtu wa usafi, na kwamba ni mzaliwa wa Mombasa. Nikafurahi. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilikuwa nimekaa miezi sijasikia Kiswahili kikisemwa na mtu mzima aliyekulia pwani. Huyo ndiye Jayanti, baba yake Mukesh, mwenye umri wa miaka sitini hivi, mfupi, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Alinitazama miguuni akasema, "Viatu vua. Ndoo iko nyuma." Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa lakini kilikuwa cha amri tupu. Alijifunza kwa kuwaamrisha wapishi na wafagizi wa nyumbani kwao, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwomba mtu kitu. Lete, weka, toka, nyamaza, fanya upesi. Akiwa na wateja alizungumza Kigujarati au Kiingereza kwa upole mwingi, kisha angenigeukia mimi, uso bado unatabasamu, akasema kwa Kiswahili, "Toa hilo sura lako hapa mbele, nenda nyuma." Wateja walidhani ananiagiza chai.

Huko nyuma palikuwa na chumba kisicho na dirisha. Ukiingia, mkono wa kushoto kulikuwa na meza ndefu ya mbao iliyoungua hapa na pale, na chini yake ngozi iliyotandazwa kupokea vumbi la dhahabu linalodondoka mtu anapopiga tupa. Mkono wa kulia kulikuwa na mtungi wa gesi, beseni la maji, na rafu za vikopo vya nta. Ukutani aliweka picha ya mungu wao mmoja, na chini ya picha kalenda ya duka la nyama lililofungwa zamani. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kukusanya kila kilichofagiliwa, maana hata taka za chumba kile zilichujwa. Nilikaa hivyo miezi miwili. Siku moja asubuhi nilimsikia akitukana kwa Kigujarati, nikachungulia, nikaona ameshika bomba la moto kwa mikono yote miwili na bado ncha yake inacheza. Bangili iliyokuwa mbele yake ilikuwa imeungua upande mmoja. Alinikuta namtazama. Nilidhani atanifukuza. Alizima moto, akakaa, akaweka mikono katikati ya mapaja kama mtu anayesikia baridi. Kisha akasema, "Wewe. Nawa mikono. Njoo hapa." Akaniwekea lile bomba mkononi, akasimama nyuma yangu, akaanza kunifundisha.

Watu wakisikia nilifundishwa na yeye hunionea wivu, na kweli alikuwa fundi. Alijua kwa rangi tu ni lini dhahabu iko tayari, na alinifanya nijue hivyo hivyo. Lakini kila kitu alinifundisha kwa tusi. Mkono wako wa kuchimbia mihogo. Jicho lako la ng'ombe. Nikikosea alinipiga kwenye vifundo vya vidole na mpini wa tupa, si kwa nguvu, ila kwa namna unayompiga mnyama akae mstari. Nikipatia alinyamaza, akachukua nilichotengeneza, akaenda nacho mbele kwa mteja, na mimi nikamsikia kupitia pazia akisema kwa Kiingereza, "Macho yangu yameumia kwa ajili ya hii kazi, mama." Hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba mikono yake hutetemeka. Mimi na mkewe ndio tuliojua. Mkewe, Mama Mukesh, alishuka saa saba na nusu kila siku na chakula: chapati laini, dengu, biringanya za kukaanga, achari ya ndimu. Mimi nilipewa changu kwenye sahani ya chuma, nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa wiki ya pili au ya tatu, naosha vyombo, nilipogeuza sahani yangu nikaona imepakwa nukta ya rangi nyekundu ya kucha chini yake. Nikageuza zile nyingine. Hazikuwa na nukta. Sijapata kula chakula kitamu kama cha yule mama, na kila tonge nililimeza nikiwa namchukia. Kutoka ghorofani niliwasikia wakizungumza Kigujarati, nami katika lugha ile nzima nilishika neno moja tu, lile walilotumia kunitaja mimi.

Mtu ataniuliza, mbona ulikaa? Nilikaa kwa sababu mbili. Kibali changu kilikuwa kinaisha mwisho wa mwaka, na ili kiongezwe nilihitaji barua ya mwajiri ya kupeleka ofisi ya uhamiaji huko Croydon. Jayanti alikuwa ameahidi kuiandika, na kila mwezi alinikumbusha kwamba hajaiandika bado. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimeanza kuipenda kazi. Nilikuwa nikilala naota moto.

Nusu ya wateja wake walikuwa Waghana, na wengi wao Waasante. Mara ya kwanza mteja alipomwambia, "Sisi Asante," nilitoa kichwa nje ya pazia nikidhani kuna mtu anashukuru. Walitaka mapambo ya harusi na ya misiba ya wakubwa wao: mikufu ya shanga nene zisizofanana, pete kubwa kama jicho la ng'ombe zenye mamba au nungunungu juu yake, vilemba vyenye vipande vya dhahabu vilivyoshonewa kwenye kitambaa cheusi. Wengine walikuja na picha zilizokatwa kwenye magazeti. Jayanti aliwadharau kama alivyonidharau mimi, lakini alizisoma zile picha kwa kioo cha kukuzia mpaka akajua kila mstari, na mimi nikawa nachonga nta kufuata maneno yake. Nta ikishachongwa inafunikwa udongo, udongo unachomwa, nta inayeyuka na kutoka, na dhahabu inamiminwa mahali nta ilipokuwa. Ni kazi ambayo Waasante wenyewe wameifanya kwa karne nyingi, na kwa jinsi alivyoniambia Jayanti ungedhani ilibuniwa na babu yake.

Siku moja ya mwezi wa tisa aliingia mwanamume aliyevaa suti ya kijivu, Kwabena, dereva wa treni, mtu wa miaka arobaini. Alitaka kuzungumza nyuma, si mbele, na Jayanti akamleta hadi kwenye meza yangu. Alifungua taulo. Ndani yake kulikuwa na kisahani cha dhahabu, upana wake kama kiganja kilichofunguliwa, na kamba nyeupe iliyochakaa imepita kwenye matundu mawili. Katikati palikuwa na kitovu kilichoinuka, na kutoka hapo mistari myembamba ilitawanyika mpaka ukingoni kama ile ya chini ya uyoga, na kuzunguka ukingo mzima vidonge vidogo vya dhahabu, kimoja kimoja. "Nataka bangili za bibi harusi wangu," Kwabena akasema. "Zote zitoke humu. Na nataka kisibaki hata kipande cha kukitambua." Jayanti alimuuliza ni mali ya nani. "Ya mjomba wangu. Amekufa hapa London mwezi uliopita. Kwetu mali ya mjomba ni ya mtoto wa dada yake, na mtoto wa dada yake ni mimi." Alilisema neno hilo kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi mbele ya watu wasiokubali. Jayanti akasema sawa. Kwa Kiswahili akaniambia mimi, bila kugeuka, "Kesho utakiyeyusha."

Kesho yake sikukiyeyusha. Nilidanganya kwamba gesi imepungua. Nilikuwa nimekigeuza nyuma na kukuta, karibu na ukingo wa chini, alama ya kidole gumba cha mtu, mistari yote inaonekana, imeganda ndani ya dhahabu. Fundi aliyekitengeneza alibonyeza nta kwa dole lake ikiwa bado laini, na dhahabu ikachukua. Karibu na tundu moja palikuwa na kiraka kidogo, dhahabu yake imepauka kuliko ile nyingine. Kisahani kiliwahi kupasuka kikazibwa. Nilikaa nacho siku mbili mezani. Nilipoweka dole langu juu ya lile dole, liliingia karibu sawasawa. Jayanti alinikuta nafanya hivyo. "Unacheza? Hiyo ni kazi ya mshenzi wa porini. Ukingo haujanyooka. Yeyusha."

Siku ya tatu alikuja Serwaa. Nilikuwa mbele nafuta vioo vya kabati, kwa hiyo nilimwona akishuka kwenye basi na kuvuka barabara, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, amevaa nguo nyeusi ya msiba na kitambaa chekundu kichwani. Hakusalimia. Alimwambia Jayanti kwamba anatembea kwa masonara wote wa London kuulizia kitu cha familia. Akaweka picha juu ya kioo. Kijana aliyevaa nguo nyeupe amekaa kwenye kigoda, na kifuani pake, kwenye kamba, kile kisahani. "Huyu ni mjomba wangu alipokuwa kijana. Alikuwa mmoja wa watu wanaotakasa roho ya chifu wetu, na hicho ndicho walichovaa. Hakikuwa chake. Ni cha kiti cha chifu, mali ya kijiji kizima. Alikuja nacho kwa ajili ya sherehe yetu hapa, akaugua, akafa, na ndugu yangu Kwabena akaingia chumbani mwake kabla yetu." Jayanti aliitazama picha kwa makini sana, kwa kile kioo chake, akatikisa kichwa kwa huzuni. Samahani mama, akasema, hakijaletwa hapa. Na kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya huzuni, "Ukifungua mdomo, ile barua usahau."

Serwaa akanigeukia mimi. "Dada, wewe ni Mwafrika," akasema. "Nakuuliza wewe. Umekiona?" Hata leo nikikumbuka namna alivyoniuliza napandwa na hasira, kana kwamba rangi yangu ilikuwa kiapo nilichomwekea yeye. Kisahani kilikuwa kwenye droo ya meza ya nyuma, hatua tano kutoka tuliposimama, chini ya kitambaa changu cha kufutia. Nilimtazama machoni nikasema, "Hapana, sijakiona." Alinitazama kwa muda. Kisha akasukuma ile picha kwangu, nyuma yake ameandika anwani ya duka lake Peckham. "Ukikiona," akasema, na akatoka bila kuaga.

Jayanti alifunga mlango, akageuza kibao, akaja nyuma akasimama kunisimamia. Nilikata kamba. Niliweka kisahani juu ya kijungu cha udongo maana hakikuenea ndani, nikawasha bomba. Dhahabu haifi haraka. Kwanza ilikuwa nyekundu, mistari bado ipo, na nikafikiri kwa upumbavu kwamba pengine haitakubali. Vile vidonge vya ukingoni vilianza kuzama kimoja kimoja. Kisha ukingo ukalegea, ukajikunja ndani kama jani, na mara moja kitu kizima kikang'aa, kikaporomoka, kikawa donge linalozunguka chini ya moto. Lilikuwa dogo. Sikutegemea lingekuwa dogo vile. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilimimina, nikapoza, na jioni ile nilikuwa nimeshaanza kuvuta nyaya za dhahabu za bangili.

Siku iliyofuata Mama Mukesh alileta chakula kama kawaida, na Jayanti, ambaye hakuwahi kunisemesha wakati wa kula, aliweka chapati yake chini akacheka. "Yule mama alikuangalia machoni," akasema, "na wewe ukasema hapana. Hata hukupepesa! Sasa umejifunza kazi." Ilikuwa sifa ya kwanza aliyonipa tangu nilipoingia duka lile, na ndiyo ya mwisho. Bangili za kwanza zilikuwa zimelala mezani, kazi nzuri kuliko zote nilizokuwa nimewahi kuzifanya, na juu yake hakusema neno. Niliweka sahani yangu sakafuni. Nilikuwa nimevumilia nukta nyekundu na mpini wa tupa, lakini sikuweza kuvumilia kusifiwa kwa jambo lile. Hata hivyo sikuondoka siku hiyo. Nilimaliza bangili, zote sita, Kwabena akaja akazichukua, na zikapita wiki tatu, picha ya yule kijana iko kwenye mkoba wangu, kabla sijapanda basi kwenda Peckham. Nazitaja hizo wiki tatu kwa sababu wanangu, nikiwasimulia, huzirukia wakiuliza nilikuwa nangoja nini.

Duka la Serwaa lilikuwa kati ya saluni ya kusuka nywele na kanisa lililokuwa zamani ghala. Alikuwa akikodisha mavazi ya harusi za Kighana, vitambaa vyao vya kente vimekunjwa na kupangwa mpaka darini, na kwenye kabati la kioo mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu. Alinijua mara moja. Niliyasema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nilianza kulia, na yeye akasema, "Acha. Sikukualika kuja kulia dukani kwangu." Aliniuliza swali moja, kama kulibaki kipande chochote. Nilisema hakuna. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja. Kutoka saluni niliwasikia wanawake wakicheka juu ya jambo jingine kabisa. "Jumamosi wazee wanakaa," akasema baadaye. "Kwabena anawaambia mjomba alikiuza mwenyewe kabla hajafa. Utakuja uyaseme haya mbele yake." Nilimwambia kuhusu barua na kibali. Akainuka, akanifungulia mlango. "Kibali chako," akasema. "Kijiji kizima kimepoteza kitu, na wewe unaniambia habari za kibali chako."

Walikaa kwenye chumba kilicho nyuma ya lile kanisa. Viti vilipangwa nusu duara, na katikati mzee waliyemwita Nana, amejifunga kitambaa cheusi begani. Kando yake alisimama msemaji wake mwenye fimbo ndefu ya mbao iliyofunikwa dhahabu kichwani, kwa maana kwao humwambii mkubwa jambo moja kwa moja. Unamwambia msemaji, naye analifikisha. Jikoni mtu alikuwa anapika supu ya mbuzi na harufu ilijaa chumbani. Niliwekwa kwenye kiti cha peke yangu. Kabla ya lolote nililetewa maji, kwani mgeni haulizwi kilichomleta akiwa na kiu, na aliyeniletea alikuwa Serwaa mwenyewe. Aliishika glasi chini kabisa, vidole vyetu visigusane. Nikasimulia kwa Kiingereza, na msemaji akayageuza kuwa Kitwi, lugha yao, sentensi kwa sentensi, kwa hiyo kila jambo la aibu nililisikia mara mbili.

Kwabena aliruka. "Huyu amelipwa na dada yangu! Hata picha amempa, amejifunza humo!" Mke wake alikuwa amekaa nyuma yake, na mikononi mwake nilizitambua bangili tatu tatu. Akaendelea, "Na kama ningeyeyusha, je? Wafalme wetu hawakuwa wakiyeyusha dhahabu zao wakatengeneza upya?" Serwaa alimjibu bila kusimama, "Waliyeyusha wakaurudishia ufalme. Wewe umeyeyusha ukamvika mkeo." Kelele zikawa nyingi. Nana aliinua kidole, pakawa kimya, akamnong'oneza msemaji, naye akaniambia, "Nana anasema, tuambie kisichoonekana kwenye picha."

Nikawaambia kuhusu dole gumba. Hakuna aliyesogea, huenda hakuna aliyewahi kukigeuza. Nikawaambia kuhusu kiraka kilichopauka, karibu na tundu la kushoto ukikishika kwa mbele, kirefu kama punje ya mchele. Mzee mmoja mwembamba, aliyekuwa amekaa pembeni na fimbo yake ya kutembelea, akafunika uso. Alizungumza kwa Kitwi muda mrefu, na chumba kizima kikamsikiliza. Msemaji akanigeuzia: mzee anasema alipokuwa kijana alibeba kisahani kile siku ya sikukuu, kikamponyoka kikagonga jiwe, kikapasuka hapo hapo ulipotaja, sonara akakiziba kwa siri, na hajawahi kumwambia mtu mpaka leo. Kwabena akakaa chini. Yule mzee alikuwa amefunua uso wake, akawa ananitazama, na safari hii alisema kwa Kiingereza, polepole, mwenyewe. "Kwa hiyo ulikiona vizuri namna hiyo," akasema. "Kisha ukakiyeyusha."

Nana alitoa uamuzi wake. Kwabena alipe kwa kondoo na vinywaji vya kuomba radhi, kama desturi yao ilivyo. Bangili zitolewe pale pale, zipelekwe kwa fundi wa kule kwao Ghana, akatengeneze kisahani kingine kwa dhahabu ile ile. Mke wa Kwabena alizivua moja moja na kuziweka kwenye kitambaa, akilia, na nilimwonea huruma kuliko mtu yeyote chumbani, maana hakuwa amejua lolote. Nilimwendea Serwaa baada ya kikao. Nilimwambia kwamba nakumbuka kila mstari, naweza kuchora, naweza hata kuchonga nta yake bure ikapelekwa kwa fundi. "Chora," akasema. Nikachora pale pale nyuma ya karatasi ya ibada, mbele na nyuma. Akaikunja karatasi. "Kuchora, sawa. Lakini mikono yako haitaigusa tena dhahabu hii." Supu ilipoanza kugawiwa niliondoka, kwani hakuna aliyeniambia nikae.

Jumatatu nilikuta kufuli jipya kwenye mlango wa duka la Kenton. Mama Mukesh alinitupia koti langu kutoka dirisha la juu. Nilipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali katika kiwanda cha dobi, kazi ya kusimama kutwa kwenye mvuke. Kibali kiliongezwa mwishowe, kwa barua ya meneja wa dobi, baada ya miezi ya wasiwasi ambayo sitaki kuirudia. Ilipita miaka tisa kabla sijakaa tena mbele ya moto. Serwaa nilikutana naye mara moja baadaye, kwenye foleni ya samaki Peckham. Aliniambia kisahani kimetengenezwa na kimerudi kijijini, akalipia samaki wake, akaenda zake.

Lakini nilianza kwa habari za Jayanti, na kabla ule mwaka haujaisha alikuja kwangu. Ilikuwa Jumapili mchana. Sijui alipata wapi anwani yangu. Alipanda ngazi tatu mpaka chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda maana hapakuwa na kiti, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Hakuwa amewahi kuingia ninapoishi, na alikitazama kila kitu: jiko la umeme, ndoo, nguo zilizotundikwa. Akasema Waasante hawaji tena dukani. Watu wawili wa wale wazee walimfuata, akawaambia hajui kitu. "Sasa nenda kawaambie wewe," akasema, "kwamba yule mama alikuja mimi sipo. Kwamba ulinificha. Kwamba uliyeyusha mwenyewe, kwa kutokujua. Wewe una nini cha kupoteza?" Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi. Ilikuwa ile barua. Mwandiko ulikuwa wa Mukesh, ila sahihi ilikuwa yake, imepindapinda kama ya mtoto. Ilisema kwamba mimi, Mwanaidi, jina langu limeandikwa kamili, ni sonara mwenye ujuzi wa hali ya juu, na kwamba kazi zote zilizotoka katika duka lake mwaka ule zilitoka mikononi mwangu.

Niliisoma mara mbili. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo kunihusu, na ilikuwa kweli tupu, na kibali changu kilikuwa kimebakiza wiki tano. Nilimrudishia. "Mzee," nikasema, "yaliyoandikwa humu ungeyasema mbele ya pazia, siyo kuniletea leo."

"Utakufa unafua mashuka ya wagonjwa," akasema.

"Haya."

Alinyoosha mkono kuipokea. Karatasi ilipofika kwenye vidole vyake ikaanza kutetemeka na kupiga kelele, ikasikika chumba kizima. Akajaribu kuikunja. Kona ikamponyoka. Akaiweka kwenye goti, akaibonyeza kwa kiganja, ikateleza tena, na jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa chumba kilikuwa baridi. Alijaribu mara ya tatu, ya nne. Aliinua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kwamba anatafuta namna ya kuomba kitu kwa Kiswahili, na hana maneno yake. Nilisimama karibu na mlango, mikono yangu mizima kifuani, nikangoja mpaka alipoisokota akaitia mfukoni, akaondoka.